Mpigaji Mmoja wa Tokunaga

Jambo la kwanza nililoliona kwa Tokunaga Shuhei ni kwamba mkono wake wa kulia haukuwa na kazi. Milango aliifungua kwa kushoto, begi alilibeba kwa kushoto. Siku niliyoanza kazi katika ofisi ya habari ya klabu yetu ya besiboli, Korongo wa Okayama, alipokea chai yangu kwa kushoto akaniomba radhi. Ule mwingine, alisema, ni wa kurushia mpira tu.

Bega la mkono huo lilikuwa limeshapasuliwa mara mbili.

Klabu ilimchukua akiwa na miaka kumi na minane, mtoto wa muuza tofu, jibini ya soya, kutoka Tsuyama, na kabla hajafikisha thelathini alikuwa ameshinda mechi arobaini na moja. Sasa ana thelathini na nne. Misimu miwili hii ameicheza kwenye timu ya pili, pamoja na vijana waliokuwa shule ya msingi wakati yeye akishangiliwa. Mpira wake waliuita barua ya posta, kwamba unachelewa lakini mwenye anwani lazima aupate. Alicheka pamoja nao. Walipokwenda kula nyama ya kuchoma, yeye alibaki akivuta kamba ya mpira aliyoifunga kwenye nguzo, mara mia mbili, kuimarisha bega.

Mwezi wa nane bega likaacha kuuma. Alinisimulia kama mzazi anayesimulia mtoto wake alivyopona homa. Akamwendea Kocha Urabe, akainama, akaomba nafasi kwenye timu ya kwanza kabla msimu haujaisha, ili aonyeshe kwamba hafai kuachwa. Kocha akamwambia sawa, atampa mpigaji mmoja wa kumrushia.

Tokunaga alielewa kwamba huo ndio mtihani. Lakini jina lake lilikuwa limeshakatwa tangu mwezi wa saba. Orodha ya wanaoachwa ilipita mezani kwangu.

Kwetu mrushaji anayestaafu huagwa hivyo hivyo. Hupewa mpigaji mmoja, na mpigaji huyo hupunga gongo hewani mara tatu kwa makusudi bila kuugusa mpira, akahesabiwa ametoka, watu wakapiga makofi. Hakuna anayeuita udanganyifu. Ni adabu, kama kumsindikiza mgeni hadi stesheni. Ila mwenyewe huwa anajua kwamba anaagwa.

Tokunaga hakuambiwa. Kocha alidhani kazi hiyo ni ya meneja wa klabu, Bwana Muneoka. Bwana Muneoka aliona kwamba mtu aliyekaa miaka kumi na sita katika besiboli, akiitwa mwisho wa msimu kwa ajili ya mpigaji mmoja, hahitaji kuelezwa. Kweli, mtu mwingine yeyote angeelewa. Ila mtu mwingine yeyote hakuwa na bega lililopona.

Jumapili, kabla ya mechi, Kocha alivuka uwanja akanong'ona na benchi la wapinzani. Katika kipindi cha saba Tokunaga akapanda kwenye kichuguu cha mrushaji. Mbele yake alisimama Hatakeda, kijana aliyewahi kukaa naye chumba kimoja bwenini kabla hajahamia kwa wapinzani. Mpira wa kwanza ulikwenda kilomita mia na ishirini na tisa kwa saa, mwendo wa timu ya shule. Hatakeda akaukosa. Akaukosa wa pili. Wa tatu ulining'inia katikati kabisa, juu kidogo ya mkanda, mpira ambao bibi yangu angeupiga kwa mwavuli. Hatakeda akapunga gongo kama anayefukuza nzi.

Uwanja mzima ukasimama. Mdakaji wetu, Nishigori, akamletea Tokunaga mpira ule mkononi, macho yamelowa.

"Unalia nini wewe?" Tokunaga akamuuliza.

"Jasho, kaka."

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Tokunaga hakunyamaza. Alieleza jinsi vidole vilivyoushika mpira, jinsi ulivyozama mwishoni, jinsi Hatakeda alivyopotea. Wachezaji waliangalia viatu vyao. Kijana mmoja akashindwa kujizuia.

"Kaka, mwakani wataomba upimwe dawa za kuongeza nguvu."

Chumba kikaangua kicheko, na Tokunaga ndiye aliyecheka zaidi.

Jana Bwana Muneoka aliniagiza niandike tangazo la kustaafu na niagize maua. Nilimuuliza kama mwenyewe anajua. Alijibu bila kuinua kichwa kwamba uwanja mzima umejua, seuze yeye. Nikaomba angalau ampigie simu. Akasema ameshamwita ofisini Ijumaa, saa nne, avae suti.

Leo asubuhi nikaenda uwanja wa mazoezi nimwambie mimi. Nilimkuta akirusha ukutani, peke yake, jasho linamtiririka. Kabla sijafungua kinywa akanionyesha simu yake. Hatakeda alikuwa amemwandikia: asante kwa yote uliyonifundisha, kaka, sitasahau.

"Dogo ana heshima," Tokunaga akasema. "Nimemtoa mbele ya watu elfu ishirini na bado anashukuru."

Nikasema, "Bwana Tokunaga, kuhusu yule mpigaji..."

"Najua, mmoja hatoshi. Ndiyo maana wananiita Ijumaa, tuongee habari za mwakani." Aliokota mpira akaupangusa kwenye paja. "Wewe umesoma, hebu nishauri. Niombe mkataba wa mwaka mmoja, au nijikaze niseme miwili?"

Nilimwambia sijui mambo ya mikataba. Akanipa pole, akasema hata mama yake hajui, lakini anakuja na treni ya asubuhi kutoka Tsuyama ili amsubiri nje ya ofisi, na keshatoa kimono chake cha sherehe sandukuni. Suti yenyewe iko kwa dobi, itakuwa tayari kesho. Kisha akarudi nyuma hatua kumi na nane, akaniomba nisogee pembeni, akaendelea kurusha. Bega haliumi hata kidogo, alisema, na Ijumaa anaiona mbali.