Kiti Kisichonuka Uji

Saa tatu kasoro robo asubuhi. Katika chumba cha mbele cha nyumba ya vyumba viwili, mwanamke wa miaka arobaini na sita amepiga magoti sakafuni, ameinama, ananusa kiti cha mtoto.

Hana haraka wala haya. Anaanzia kwenye meza ndogo ya mbao iliyofungwa mbele ya kiti, anashuka kwenye mkanda wa kifuani, anamalizia kwenye mto wa kichwa. Kisha anakwangua kitu kwa ukucha pembeni mwa meza, anakileta puani, na uso wake wote unachangamka.

"Uji!" anasema. "Uji wa juzi huu, tena umegandia. Nyumba hii imeokoka!"

Bibi wa mtoto amesimama mlangoni, kitambaa cha kupangusia mkononi. "Nilitaka kuufuta tangu jana, ukanikataza mwenyewe," anasema. "Wageni wakija wakakuta uchafu huo, aibu ya nani?"

"Yangu, mama. Wewe uache hivyo hivyo. Daktari aje aukute."

Bibi anaguna. Kitambaa hakiachi, lakini hapigi hatua.

Mwanamke huyu mtaani wanamwita Mama Viti. Si fundi seremala, na msumari akiushika atajigonga kidole. Jina alilipata kwa sababu kila mahali anapoingia, kabla hajaketi, anauliza kiti cha mtoto kiko wapi. Leo yuko hapa mapema kuliko kawaida. Saa tatu anakuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akiridhika, kiti kinabaki. Asiporidhika, kinabebwa leo leo na kupewa mtoto mwingine.

Mwenye kiti yuko mapajani mwa mama yake, ananyonya kola ya gauni. Ana miaka miwili na miezi saba. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, shingo yake ikawa haikazi, mgongo nao ukawa unalegea kila akikalishwa. Bibi yake humwita mke mwenzangu, na humgombeza kama mke mwenza kweli.

"Leo usinitie aibu, mke mwenzangu," anamwambia. "Ukilala tu mbele ya watu, mume simwachi, nabaki naye peke yangu."

Mtoto anacheka. Hajui kilicho mbele yake, na afadhali hivyo.

Mama Viti ni mmoja wa wazazi watano wanaokaa kwenye kamati inayoongoza kituo cha huduma za mapema kwa watoto wenye ulemavu. Wataalamu ni wanne. Ijumaa ya mwisho ya mwezi wanakutana kuzunguka meza moja ndefu, wanapanga nani atembelewe, nani apewe kifaa gani, na utaratibu gani ubadilishwe. Siku nyingine zote yuko barabarani kwa miguu, nyumba nne kwa siku, familia sitini na moja kwa jumla. Posho yake inatosha nauli ya kurudi na muda wa maongezi wa simu. Kinachobaki anakitafuta kwenye cherehani.

"Wataalamu wanaujua mwili wa mtoto kuliko mimi, hilo sibishi," anasema. "Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi hicho kitanda nimekilalia miaka."

Kitanda chenyewe ni mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ana miaka kumi na sita, yuko darasa la saba, na kazi yake kubwa nyumbani ni kumtania mama yake. Alipokuwa mchanga, ilichukua miezi kumi na moja na vituo vitano vya afya kabla mtu hajamwambia mama huyu, kwa maneno yanayoeleweka, mtoto ana nini. Wengine walimwambia avumilie. Mmoja alimwambia azae mwingine.

"Nilirudi nyumbani nikalia mpaka nikajichoka. Kisha nikanyanyuka, maana nepi zilikuwa hazijafuliwa."

Hatimaye mtoto akapewa kiti. Cha mbao laini, kimepakwa vanishi, kina mkanda na mto. Hapo ndipo Mama Viti, wakati huo bado hajawa Mama Viti, alipofanya kosa ambalo leo analisimulia kwenye kila nyumba, tena bila kuulizwa. Alikifunika kiti kwa shuka, akakipandisha juu ya kabati.

"Ndani mwangu hakikuwamo kitu kizuri kama kile. Ningekiachaje kimwagiwe uji? Siku ya mtaalamu nakishusha, napangusa, namkalisha mtoto, analia. Mtaalamu akiondoka, narudisha juu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa wageni wenyewe wanakuja mara moja kwa mwezi!"

Miezi minne ilipita hivyo, mpaka wifi yake alipokuja kukaa siku mbili. Alikishusha kiti bila kuuliza, akamkalisha mtoto, akamlisha. Uji ulifika hadi ukutani.

"Nilimgombeza wifi yangu mpaka majirani wakachungulia. Nageuka, mwanangu huyo, ameshika ukingo wa meza kwa mikono yake miwili, anatutazama kwa zamu kama anaangalia mpira. Kichwa kiko juu! Ugomvi ukaniisha. Mpaka leo wifi yangu akitaka kitu kwangu ananikumbusha siku ile, na mimi namnunulia."

Kwa hiyo mtu angedhani mama huyu ndiye wa mwisho duniani kurudia kosa hilo. Ngoja.

Miezi miwili iliyopita, faili la huyu mke mwenza mdogo lilifika mezani kwa kamati. Ripoti mbili mfululizo zilisema: hakuna maendeleo, mtoto analia akikalishwa, kichwa kinadumu sekunde nne. Pendekezo lilikuwa kiti kichukuliwe kipewe mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, wa kwanza kwenye foleni ya watoto thelathini na wanne. Fundi wa kituo hutengeneza viti viwili kila miezi mitatu. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Uamuzi ulipangwa Ijumaa. Jumanne yake Mama Viti akaenda.

Bibi alimpokea vizuri, akaingia chumba cha ndani, akatoka na kiti kimezungushiwa plastiki. Akakifunua taratibu, akakipangusa, akakiweka katikati ya chumba. Kilikuwa kinang'aa. Mama Viti akapiga magoti, akanusa.

"Vanishi," anakumbuka. "Kilinuka vanishi kama kimetoka kwa fundi asubuhi ile. Nikauliza, mama, huyu mtoto anakula wapi? Akanionyesha mkeka nyuma ya mlango. Kulikuwa na alama kwenye ukuta pale anapoegemeza kichwa."

Kila mtu alikuwa na sababu zake. Mama wa mtoto husuka nywele saluni, hutoka asubuhi na kurudi jioni, na alijua kiti kinatumika. Bibi, anayeshinda na mtoto, alijua kiti ni mali ya watu.

"Mimi nimekula chumvi nyingi," bibi anaeleza sasa, bado amesimama na kitambaa chake. "Kitu cha watu hukichafui. Na tena tulitia saini! Nikamletea karatasi. Nikamwambia, soma mwenyewe, macho yangu hayaoni vizuri, lakini nilisomewa."

Mama Viti akaisoma. Mzazi atakitunza kiti hiki na kukirudisha kama kilivyotolewa.

Hakuhitaji kuisoma mara ya pili. Sentensi ile aliitunga yeye. Miaka miwili nyuma viti vilikuwa vinarudi vimevunjika miguu, mtoto wa pili havimfai, na yeye ndiye aliyenyoosha mkono kwenye kamati akasema tuwaandikie wazazi wavitunze. Wakampigia makofi.

"Mimi! Niliyekipandisha changu juu ya kabati!" Anajipiga paji la uso kama ndiyo kwanza amegundua. "Kulaumu wataalamu ilikuwa rahisi. Siku ile nikakosa wa kumlaumu."

Ijumaa alisimama mbele ya wenzake. Akawaeleza kiti hakijashindwa, mtoto hajashindwa, kiti hakijawahi kutumika hata wiki moja nzima. Akasema na sentensi ni ya nani. Mtaalamu wa mazoezi, kijana aliyeandika zile ripoti mbili, alikuwa wa kwanza kusema.

"Nilipima shingo na mgongo," alikiri. "Sikuuliza kiti kinakaa wapi nikiondoka."

Lakini hakulainika kirahisi, na Mama Viti anamheshimu kwa hilo. Mtoto wa kwanza kwenye foleni naye ana shingo, alisema, na miezi haimsubiri. Ule msemo wa samaki kukunjwa angali mbichi, watu wengi huutumia wakizungumzia adabu. Pale kituoni ni habari ya mifupa na misuli. Wakavutana karibu saa nzima. Mwisho wakakubaliana wiki nane: mtoto akalie kiti kila mlo, na ikifika siku ya kupimwa, kichwa kidumu nusu dakika bila kushikwa. La sivyo, kiti kiondoke.

Wiki nane hizo Mama Viti alipita hapa mara kumi na saba. Wiki ya kwanza mtoto alilia mpaka bibi akataka kukirudisha kiti kwenye plastiki. Wiki ya tatu akaacha kulia. Wiki ya tano akaanza kugombania bakuli.

Na leo ndiyo siku.

Mtaalamu anabisha hodi saa tatu na dakika tano, anavua viatu, anaamkia wakubwa. Watu humwita daktari ingawa amechoka kuwaambia yeye si daktari. Anakitazama kiti, anaona uji ulioganda, anamtazama Mama Viti. Anatabasamu upande.

Mtoto anakalishwa. Mkanda unafungwa. Kijana anashika saa.

Sekunde tano. Nane. Kumi na mbili, kichwa kinaanguka mbele kama cha mtu anayesinzia.

Bibi amekisokota kitambaa mpaka kimekuwa kamba. Mama wa mtoto anageukia dirisha.

"Mwanangu," Mama Viti anamwambia mtaalamu, "huyu hapa hakai kukaa tu. Hapa anakula. Mpeni chakula chake."

"Sawa, Mama. Tujaribu tena."

Bibi haendi jikoni, anakimbia. Anarudi na bakuli, anampa mama wa mtoto, naye anaketi mbele ya kiti, anainua kijiko usawa wa macho ya mwanawe. Kichwa kinanyanyuka. Kinayumba kushoto, kinarudi. Mtoto anafungua mdomo, anameza, anataka kingine. Kumi na tano. Ishirini na mbili. Mama anachelewesha kijiko kwa makusudi, na mtoto anapiga meza kwa kiganja, kelele za kudai haki yake. Thelathini. Thelathini na tisa. Kwenye hamsini na moja anakidaka kijiko chenyewe, anakitupa, na uji unatua kwenye shati jeupe la mtaalamu.

"Yesu na Maria!" bibi anapiga kelele, mbio na kitambaa.

Kijana anacheka, anamzuia kwa mkono. Anaandika kwenye karatasi yake, anaifunga kalamu.

"Kiti kinabaki," anasema.

Mama wa mtoto anafunika uso kwa mikono yote miwili. Bibi anakaa chini pale pale alipokuwa. Mama Viti anataka kusema kitu cha mzaha, ndiyo desturi yake, lakini machozi yanamtangulia. Anacheka na kulia kwa pamoja, anafuta pua kwa ukingo wa mtandio.

"Nimetua mzigo," anasema. "Jamani, nimetua mzigo. Hamjui nilivyokuwa naogopa."

Na yule wa kwanza kwenye foleni? Naye amepata. Wiki mbili zilizopita kilirudi kiti cha mtoto aliyekua kikambana, kimekwaruzika, kina madoa, mkanda umefifia. Mama Viti mwenyewe alikipeleka. Anasema hajawahi kubeba kiti kibaya kwa furaha kama ile. Foleni bado ni ndefu, wengine thelathini na watatu, na kamati inatafuta fundi wa pili.

Ile sentensi imefutwa. Karatasi mpya ina mstari mwingine, na safari hii waliwasomea bibi watatu kabla ya kuipitisha: Mtoto akalie kiti hiki kila anapokula. Kikichafuka, tumefurahi.

Mama Viti ana mpango mwingine, na huu ameupigania vikao viwili. Hataki tena kiti kitoke kituoni kikiwa kipya. Kuanzia Ijumaa hii, kila kiti kinachokabidhiwa kitamwagiwa kikombe cha uji hapo hapo, mbele ya mzazi, kabla hakijafika mlangoni. Wataalamu walicheka kwanza. Kisha kamati ikapiga kura, wote tisa wakakubali.

Kilichobaki ni nani amwage. Mama Viti anamgeukia bibi, ambaye ameanza kuinuka sakafuni kwa kushika mguu wa kiti.

"Mama, Ijumaa tuna viti viwili. Tunakuhitaji wewe."

Bibi anamtazama mke mwenza wake, ambaye ana uji mpaka kwenye nyusi na bado kichwa chake kiko juu. Anakitazama kitambaa mkononi mwake kwa kitambo kidogo, kama anaagana nacho. Kisha anakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, pale pale juu ya ile alama ya ukutani.

"Nitakuja," anasema. "Na hiki nitakiacha nyumbani."