Simu Iliyopima Karafuu

Ta! Bado naisikia karafuu ikivunjika kuchani mwa shangazi, uani kwetu Ole. Ndivyo alivyopima ukavu. Mwaka ule vidole vilimuuma, akawa anaogopa karafuu zake zitakataliwa kwa unyevu kwenye kituo cha kununulia.

Kaka yangu akafukia kipimo cha unyevu kwenye karafuu, akakiunga na simu kwa waya. Programu aliitengeneza kwa kupanga vipande vya amri vya rangi kwenye kompyuta, ungedhani anacheza. Namba za unyevu zikaja kwenye kioo cha simu moja baada ya moja, zikishuka. Nilimwona bingwa!

"Weye, simu yako imeanza lini kuchuma karafuu?" shangazi akamtania.

"Subiri namba zisimame, shangazi; hapo zitakuwa zimekauka."

Siku ya tatu zikasimama. Wao walipoingia kusali, nikaokota karafuu moja jamvini, nikaivunja mwenyewe. Ta!