Gunzi Mkononi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipomdanganya karani wa boma, nusura niwalaze njaa watu wa kilima kizima. Leo nacheka mpaka haya meno mawili yaliyobaki yanaonekana, lakini siku ile sikucheka.

Nilikuwa nimeolewa karibuni huku Makambako, enzi za Mwingereza. Mvua ilikuwa imetutupa, tunakula mara moja kwa siku, tena majani ya maboga zaidi ya ugali. Lakini mimi na majivuno yangu! Sikutaka waseme binti wa Njombe hajui kutunza nyumba. Nikajaza kihenge magunzi matupu, juu nikatandaza vibaba viwili vya mahindi. Ukichungulia, unasema hapa pana neema.

Basi karani akaja na jumbe wetu, daftari kwapani. Aliuliza nyumba kwa nyumba: mko wangapi, mnakula mara ngapi, kihengeni kumebaki nini. Alianza kwangu. Nikamwonyesha kihenge, nikasema kwa sauti, "Tunamshukuru Mungu, chakula tunacho."

Majirani wakasikia. Nani angekubali kushindwa na mke wa juzi? Kila mmoja akajibu vivyo hivyo, naye karani akashuka zake.

Mama mkwe aliporudi kutoka kuchuma mboga nikamsimulia, najisifu. Alizamisha mkono kihengeni hadi kwapani, akatoa gunzi, akanipa.

"Haya, mkwe wangu, tafuna."

Niliona aibu, mwanangu, nikakosa pa kuuweka uso.

"Lori la chakula cha serikali litakwenda daftari linakosema," aliniambia. "Umewaandikia shibe watoto wa watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Twende!"

Tulimkuta karani mtoni, ananawa miguu. Nikapiga magoti, nikasema kweli yote, gunzi mkononi. Alilitazama, akanitazama, akacheka nusura daftari litumbukie majini. Kisha akapanda nasi tena. Kila mlango nilitangulia mimi kuungama, na kila mlango wanawake walicheka, wakafungua vihenge vyao. Tukakuta nini? Magunzi! Nyumba tatu zilikuwa kama yangu! Kumbe ujanja haukuwa wangu peke yangu. Karani akafuta, akaandika upya.

Lori lilipopanda kilima, vigelegele vilisikika ng'ambo ya mto. Mama mkwe alisonga ugali, akanimegea wa kwanza, akaniita Mama Gunzi mbele ya watu. Hilo ndilo jina langu mpaka leo, nami nalipenda.

Kwa hiyo mwanangu, akija mtu kukuuliza jana ulikula nini, usione haya, sema kweli, maana jibu lako linamlisha na jirani. Na wewe uliyesoma, siku ukishika daftari, usichungulie kihenge kwa juu. Zamisha mkono.

Mungu akubariki, mwanangu. Na siku utakapozamisha mkono katika kihenge chako mwenyewe, ukute mahindi mpaka chini.