Yona Aliyelazwa

Baba yangu, Kaloki wa Muia, alikuwa fundi wa mabati Kawangware kwa miaka ishirini na saba. Alitengeneza ndoo, karai na masanduku ya wanafunzi, na nyundo iliyotulisha ndiyo iliyomla masikio. Kila Jumapili alisimama kando ya mchungaji akitafsiri mahubiri kwa Kikamba, kwa ajili ya akina mama waliotoka Kitui juzi. Kazi hiyo aliipenda kuliko ufundi wake.

Mwaka wa 1977 Mchungaji Nalianya alihubiri kwamba Yona alimezwa siku tatu. Baba akatafsiri, kwa sauti kuu, kwamba Yona alilazwa siku tatu.

"Wadi gani?" mama mmoja akauliza.

Kanisa likacheka hadi sadaka ikachelewa. Jumapili iliyofuata alitafsiri mtu mwingine, na Baba akakaa benchi la nyuma.

"Nitarudi pale mbele," aliniambia.

Kliniki ya masikio ilimpa mashine: kisanduku kama pakiti ya sigara, cha kukaa mfukoni mwa shati, na waya uliopanda hadi sikioni. Tulidhani akiivaa tu atasikia. Kumbe! Siku ya kwanza alisikia kila kitu isipokuwa maneno: sufuria, kuku, mvua juu ya paa.

"Nduku, mbona watu wanaongea kama mabati?"

Daktari alieleza kwamba sikio lazima lifundishwe upya. Kila jioni nizibe mdomo kwa kadibodi, nitamke maneno ishirini, naye ayarudie. Kwetu, kuziba mdomo mbele ya mzee ni kama kumsengenya huku anakuona. Nilifanya hivyo kwa haya.

Wiki ya kwanza alipata manne. Mwezi wa tatu, kumi na moja. Nilishangaa jinsi yalivyorudi. "Msumari" lilitangulia, "maji" likakawia, na jina langu alilisikia kama "ndugu" hadi Krismasi. Lakini Zaburi alizirudia bila kosa hata moja. Nikaanza kujiuliza: anasikia, au anakumbuka?

Mchungaji alipokuja kumpima, alifunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo, akasema, "Bwana ndiye mchungaji wangu." Baba akarudia, kisha akaendelea mwenyewe hadi mwisho.

"Mzee Kaloki, Jumapili unarudi!"

Dhamiri ikanishinda. "Mchungaji, hiyo anaijua kwa moyo."

Baba aliyasoma maneno hayo mdomoni mwangu. "Wewe, mtoto wangu mwenyewe?"

Nalianya akainua kitabu tena. "Bwana ndiye mchuuzi wangu," akasema, kwa sauti ile ile.

Baba akainamisha kichwa, akagusa kisanduku kifuani. Midomo yake ikaanza, ikasimama. Niliomba kimoyomoyo.

"Mchungaji," akasema hatimaye, "anauza nini?"

Alirudi mbele, akatafsiri miaka minane mingine. Mei mwaka huu moyo wake ulichoka, akapelekwa hospitali. Nilimkuta kitandani, waya ukiwa sikioni.

"Sasa Yona wangu amelazwa kweli," alisema. "Wadi namba tisa. Kamwambie yule mama."

Alikaa siku tatu, kisha Bwana akamchukua. Yule mama nilimwambia makaburini. Alicheka, halafu akajifunika uso kwa leso.