Siku Nilipokuwa Vanessa

Mwezi uliopita nilirudi Kigoma kwa likizo, na karibu na stesheni nikasimama mbele ya duka la makava ya simu. Muuzaji akaniuliza natafuta kava gani. Nilishindwa kumwambia kwamba natafuta chumba chenyewe. Wewe uliyekulia enzi zile utanielewa: hapo ndipo ilipokuwa intaneti kafe yetu, kompyuta zenye migongo mikubwa zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta.

Nilikuwa nafika pale nikitokea Kibirizi, ambako mama yangu alianika dagaa. Kazi yangu ilikuwa kuwageuza juani na kufukuza kunguru. Mwenye kafe, mama mmoja mkali wa mdomo tu, aliweka beseni na sabuni mlangoni kwa ajili ya watu kama mimi. "Kanawe kwanza, kibodi yangu isije ikanuka dagaa."

Jina langu ni Kiza. Watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine walidhani nimeitwa giza, wakanionea huruma bure. Kwetu sisi Waha, mapacha ni Bukuru na Butoyi, na anayezaliwa baada yao ni Kiza. Kwa hiyo kila nilipokwenda jina langu lilitangaza habari za watu wawili ambao sikuwahi kuwaona, maana walifariki wakiwa wachanga. Wanunuzi kutoka Kidahwe wakimsikia mama akiniita, walikuwa hawamalizi hata salamu: "Mwakeye, mama. Ee, Kiza huyu? Mapacha wako wapi?" Mama alijibu, "Walitangulia," kisha akaendelea kupima dagaa. Nililichukia jina lile kwa sababu ya uso wake wakati huo.

Ndiyo maana kompyuta iliponiuliza jina la kuingilia ukumbi wa kuchati nilifurahi mpaka nikaona kizunguzungu. Iliuliza tu, haijui lolote! Nikaandika Vanessa, jina la kwenye tamthilia. Vanessa hakumfuata mtu kwa kuzaliwa. Alipenda mvua na piza, ambayo mimi sikuwahi kuionja. Nilikuwa nasoma maneno yake kwenye kioo na kujiuliza: huyu katoka wapi, na mimi nakwenda wapi anapoongea yeye?

Siku moja mtu niliyezoea kuchati naye, aliyejiita Malkia, akauliza, "Kwenu mmezaliwa wangapi?" Vanessa alikuwa na jibu tayari: peke yangu. Nikaliandika. Nikalitazama. Hadi leo sijui ni nini kilichonishika, ila nilihisi kama nimewafungia watu mlango wa nyumba yao. Nikafuta, nikaandika: "Watatu. Bukuru, Butoyi, halafu mimi."

Malkia akaandika: "Kumbe wewe ni Kiza! Hata mimi wa huko huko. Mapacha wazima?"

Nilicheka, maana kujificha kwangu kote kuliishia hapo. Halafu nikalia, na mwenye kafe akaniletea maji bila kuuliza kitu. Nikaandika, "Walitangulia."

"Pole, Kiza," akajibu.

Sikuwahi kujua Malkia alikuwa nani. Ukumbi ule wa kuchati ulifungwa, Vanessa akapotea nao. Siku hizi simu yangu inanitambua kwa uso, inajua ninachopenda kabla sijasema, lakini haijawahi kuniuliza swali lile la Malkia. Mama naye ameshafariki. Natamani ningemwambia kwamba siku ile mapacha walipoulizwa, nilijibu mimi.