Shemeji ananiomba msamaha kwa pesa ambazo ninazo mimi

Admin, lifiche jina langu, Kisangani tunajuana. Nina miaka arobaini na saba, mjane, sina mtoto. Anayetaka kunihubiria subira apite; hizo hotuba nimezisoma zote.

Mume wangu aliuza simu sokoni, na faida akiigeuza bitcoin. Kuzilinda, alinunua kidude kidogo kama flash, tukakiandaa pamoja. Kikatoa maneno ishirini na manne ya Kiingereza. Akaniambia: "Karatasi inaungua, inaibiwa. Weye ulihifadhi Yasini ukiwa mutoto, hifadhi na haya." Nikahifadhi, tukaichoma karatasi. Alinieleza kwamba kidude kikipotea, maneno yale yanarudisha pesa zote kwenye kidude kingine. Na namba ya siri ikikosewa mara tatu, kinajifuta chenyewe.

Alipofariki, nikiwa ndani ya eda, ndugu zake walikuja na gari. Walibeba friji, viti, hadi godoro letu. Nikadai fungu langu la mjane, robo, kama Kurani inavyosema. Kaka yao mkubwa, anayeswali safu ya kwanza kila Ijumaa, akacheka: "Bon, robo ya nini? Tumbo yako ilituletea nini?" Watu hawa huikumbuka dini wakitaka kumfunika mwanamke, wakitakiwa kumpa haki yake, wanageuka wapagani.

Ni Saidi tu (si jina lake), mdogo wao wa mwisho, anayevusha watu kwa mtumbwi kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, aliyerudi kwa mlango wa nyuma na mkeka wake na sahani ya pondu, kisamvu chetu.

Baada ya wiki wakarudi wote na kidude, walikikuta kati ya vitu walivyobeba na walijua kina pesa za marehemu. "Utupe namba!"

Nikasema: "Marehemu aliweka mwaka aliozaliwa mama yenu."

Uongo mtupu. Na nilijua hakuna anayeujua mwaka huo. Mkubwa akajaribu, ikakataa. Dada yao akamnyang'anya: "Weye hata kaburi ya mama hauijui!" Naye akakosea. Wakampa Saidi, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza mama. Nilikuwa na nafasi ya kusema ngoja. Nikanyamaza, nilitaka kuziona nyuso zao. Saidi akabonyeza. Kidude kikazima, kikawaka, kikawakaribisha kama wateja wapya.

Nilicheka ndani ya mtandio. Lakini wao walimgeukia Saidi: "Iko yeye alikula pesa ya kaka!" Wamemfukuza kwenye ukoo na kuuchukua mtumbwi wake kuwa fidia. Sasa anabeba magunia ya makaa bandarini.

Pesa nimezirudisha zote kwenye kidude kipya. Niliomba robo wakaninyima. Leo nina yote, na fungu la Saidi limo humo. Nikisema kweli, gari lao litarudi mlangoni. Nikimnunulia mtumbwi, watauliza mjane ametoa wapi.

Jana alikuja, mabega yamechubuka, akapiga magoti. "Yaya, dada yangu, unisamehe. Iko mikono yangu ilikupotezea mali ya kaka."

Nikamwambia: "Nimekusamehe, ndugu yangu."

Akanishukuru. Jamani, alinishukuru!

Msinishauri kuhusu wale wengine. Hao na waumane hadi meno yaishe. Niambieni juu ya huyu mmoja tu: nimfanyie nini?