Écran mupya ya papa

Kazi yangu ni ya mudomo. Ninasimamaka mbele ya magasin ya ma télé, kule Nyawera, na mutu akiangalia kidogo tu mu vitrine, namukamata na maneno mbele miguu yake ikumbuke kwenye ilikuwa inaenda. Batu kama miye banatuitaka komisionere. Kusoma nilifikia paka ku sixième primaire, lakini ma herufi za écran ninazijua zote: LED, QLED, OLED, na ingine mupya yenye hata patron hajue namna ya kuitaja. Akifika pale anakohoa, kisha anaendelea.

Kila siku ni swali moja. "Petit, hii ya bei kali, inafaa kununua?"

Na miye, kila siku, jibu moja. "Papa, télé yako ya ku nyumba, nyeusi yake ni ya majivu. Hii, nyeusi yake ni nyeusi ya kweli. Muchezaji akitoka jasho, utatafuta mouchoir ya kumupangusa."

Anacheka. Mutu mukubwa akicheka, mufuko nayo inaanza kufunguka. Jioni sauti imeisha, miguu imevimba, narudia kwetu Bagira, na mbele nivue biatu naulizwa tena ile swali. Safari hii anauliza ni papa yangu, na papa yangu hachekake ku maneno yangu, juu ananijua.

"Télé yetu imechoka," alikuwa anasema. "Iko na ukungu."

Kwanza alisema ni antenne. Kwetu, kila ugonjwa ya télé ni antenne. Nikapanda ku mabati, nikashika ile sahani, nikaanza kuizungusha. Yeye iko mu salon, dirisha wazi.

"Sasa?"

"Bado ukungu."

"Na hapa?"

"Bado."

"Papa, sasa inaangalia Rwanda."

"Rwanda nako iko ukungu."

Kisha akasema ni muti ya avoka ya jirani njo inaziba. Tukakata tawi. Jirani akatoka na mukono ku kiuno: "Nyiye, munanikatia avoka juu ya ball?" Papa akamujibu taratibu: "Tumekata paka ile tawi yenye ilikuwa inaangalia ball bila ruhusa." Jirani akaokota avoka zake. Na ukungu ikabakia.

Miye niliangalia ile télé yetu na macho ya kazi. Ni ya zamani, ndiyo, mugongo yake nene, pembe moja inataka kuwa kijani. Lakini ukungu sikuione. Nikafikiri ni uzee. Muzee akichoka anaonaka kila kitu kimechoka.

Yaya yangu, mutoto wa kwanza kwetu, anafanya kazi mu bureau moja Muhumba. Yeye alisoma mpaka université. Alikuja dimanche kisha misa, akanivuta inje.

"Wewe njo unajua hii bitu. Niambie ukweli, lakini si ukweli ya mulango ya magasin. Inafaa?"

Nikamuambia ukweli, juu nilikuwa nimechoka hata kudanganya. Nikamuambia wiki ya kwanza mutu anaita majirani baone rangi. Wiki ya pili jicho imezoea. Wiki ya tatu anaona paka ball, na kama timu yake inapigwa, inapigwa tu, hata na nyeusi ya kweli.

"Lakini papa anasumbuka," yaya akasema. "Kama ni kitu moja yenye itamurudishia furaha, tuinunue."

Ile siku maman alikuwa anaanika nguo. Alisikia yote. Alikunguta shati ya papa mara mbili, kwa nguvu, akaitundika.

Tukanunua. Nyembamba kama kitabu ya nyimbo, kubwa kuliko dirisha. Maman akaifunika na kitambaa yake ya kushona na mukono, juu kwetu télé haikaake uchi. Papa akaipapasa pembe kwa pembe, sawa mutu anapapasa ngombe mbele ya kuitolea mahari.

"Eee. Sasa naona hata majani, moja moja."

Yaya akafunga macho kidogo, ya furaha. Hata miye nilifurahi. Nikasema moyoni, basi, hii swali imeisha ku nyumba.

Sasa, papa iko na namna yake ya kuangalia ball. Sauti ya télé anaikataka. Anasema commentateur wa kifaransa anakimbia kuliko wachezaji. Anashika radio yake ndogo ya mapile, anaikandamiza ku sikio, anasikiliza ya kiswahili, na macho iko ku écran. Tangu zamani kwetu tunaangaliaka vile: picha huku, maneno kule.

Siku moja, mangaribi, ilikuwa match kubwa. Tulikuwa bane mu salon: papa mbele kabisa, yaya, maman na miye. Ball ikaanza. Picha ilikuwa muzuri, siwezi kudanganya. Katikati ya mi-temps ya kwanza courant ikaenda, écran ikazima. Kwetu courant ikienda hakuna mutu anashituka. Maman alisimama akafungua rideau, mwangaza ikaingia, akarudi kukaa. Radio ya papa, juu ni ya mapile, iliendelea ku sikio yake. Ile nyeusi ya kweli ikabakia mbele yetu, kubwa, na sisi ndani yake tunajiona.

Papa akainama mbele kidogo.

"Huyu gardien iko na bahati," akasema. "Muone. Muone vile anaamuka."

Nilitaka kucheka. Nilifikiri ananichokoza, juu mizaha nilirithi kwake. Nikamuangalia usoni. Macho yake ilikuwa inatembea, kushoto, kuume, inafuata mpira yenye haikukuwa.

"Pasi muzuri hiyo," akasema.

Yaya akafungua mudomo. Maman akamuwekea mukono ku goti.

"Muache kwanza ball iishe," maman akasema pole.

Tukakaa vile. Timu ya papa ikaingiza bao ku radio, akatugeukia na meno yote: "Mumeiona ile?" Na sisi batatu tukasema tumeiona.

Ball ikaisha. Akazima radio, akajinyoosha. Maman akamuambia: "Papa, courant ilienda tangu saa ile."

 Papa akapanua mikono mbele yake, akaiangalia, ao akafanya sawa anaiangalia.

"Tangu lini?" yaya akauliza. Hakuwa anamuuliza papa.

"Tangu alianza kusalimia koti yenye inatundikwa nyuma ya mulango," maman akasema. "Anaiuliza habari ya batoto. Na miye njo ninamujibia."

"Na hukusema?"

"Alinikataza."

"Papa, kwa nini ulisema ni télé?" yaya akamugeukia.

Papa alipangusa uso na mukono. "Rafiki yangu wa Mumosho alisema ni macho. Bakamupeleka, bakapasula, akarudi anashikwa mukono kama mutoto. Miye nikasema ni télé. Niliona afazali mupasule télé mbele."

  

Maman njo alisema, na hakupandisha sauti. "Miye nimechoka kuwa na macho ya batu wawili. Asubui nakutafutia biatu, mangaribi nakuambia nani ameingia, ku kanisa nakuvuta shati usikae juu ya mutu. Kama hutaki kwenda juu yako, uende juu yangu."

 Papa akasema: "Ile kitu muuzishe, mulipe nayo hospitali. Hatujajuana bado, haitanililia."

Mwenye aliinunua ni muteja moja wa Muhumba. Aliuliza kwa nini tunauzisha kitu ingali mupya. Nikamuambia mwenye nayo anapendelea radio. Akaniuliza tena ile swali yangu ya kila siku, kama inafaa. Nikamuuliza kama anaona muzuri. Akasema ndiyo. Nikamuambia basi, inafaa, na ile siku sikuongeza mouchoir.

Munganga alitengeneza jicho moja. Ya pili alisema tungoje, pengine tumechelewa. Bakatoa bandage, tukamurudisha ku nyumba muchana, pole pole. Alikaa mu kiti yake, akaangalia salon yote: ukuta, kalendari, rideau. Akaniangalia miye, akasema nimekonda, kelele inanimaliza. Kisha akaangalia maman, mwenye alikuwa amekaa chini na sinia ya muchele ku magoti, anatoa majiwe. Akamuangalia mpaka maman akaacha kazi.

"Ni nini?"

"Umechoka," papa akasema. "Tangu lini umechoka hivi?"

Maman akarudisha macho ku muchele. "Muchele inangojewa," akasema.

Papa akashuka ku kiti, magoti yake ikalia, akakaa chini karibu naye. Akavuta sinia kwake, akainamisha kichwa ku upande ya ile jicho moja, na akaanza kutafuta majiwe.